Kuiacha herufi peke yake: mwongozo kamili wa milinganyo na hesabu za kutolingana

Mwanafunzi anajua vizuri kwamba riba ni mtaji mara kiwango mara muda, gawanya kwa 100. Swali likigeuzwa kidogo, riba ikatajwa na muda ndio ukaulizwa, anakwama. Wengi hujiokoa kwa kukariri kanuni nne: ya riba, ya mtaji, ya kiwango na ya muda. Baadaye wanakariri tatu za mwendo, tatu za ujazo, na wanapofika kidato cha nne wamebeba kichwani mzigo wa kanuni ambazo ni chache tu zilizogeuzwa sura.

Mzigo huo hauna lazima. Kanuni moja inatosha, mradi ujue kuichukua herufi yoyote iliyomo na kuiacha peke yake upande mmoja. Kazi hiyo ina utaratibu, na utaratibu wenyewe unatokana na kitu ambacho watoto wa shule za msingi Tanzania wanakiimba: MAGAZIJUTO, yaani mpangilio wa matendo ya hesabu.

Kwanza, alama ya sawa

Robert Recorde, mwanahisabati kutoka Wales, aliileta alama ya = mwaka 1557. Alichora mistari miwili sambamba yenye urefu mmoja kwa hoja kwamba hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana kuliko hivyo. Alama hiyo haisemi "jibu linafuata". Inasema kwamba kilichoko kushoto na kilichoko kulia ni thamani moja. Kwa hiyo lolote unaloufanyia upande mmoja, ufanyie na wa pili, tena upande mzima, si kipande chake.

Hapa nina ugomvi na msemo mmoja wa madarasani: "namba ikivuka inabadilika alama." Unafanya kazi kwenye x + 3 = 12, lakini haumwambii mwanafunzi kwa nini. Akikutana na 3x = 12 anaivusha ile 3, anaibadilisha alama, na kuandika x = 12 − 3. Kwa msemo aliofundishwa, hajakosea popote. Afadhali ajiulize swali hili: namba hii imeungana na herufi kwa tendo gani? Kama imejumlishwa, itoe pande zote mbili. Kama imetolewa, ijumlishe. Kama imezidisha, gawanya kwayo. Kama imegawanya, zidisha. Kipeo cha pili kinafutwa kwa kipeuo cha pili, na kipeuo kinafutwa kwa kipeo.

MAGAZIJUTO kinyumenyume

Unapokokotoa unakwenda mbele: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Vipeo huja baada ya mabano, kabla ya kugawanya. Unapoitafuta herufi unarudi nyuma: unaanza na yaliyojumlishwa na yaliyotolewa, unaendelea na yaliyozidishwa na yaliyogawanywa, kisha vipeo, na mabano yanafunguka mwisho. Fundi cherehani anapofumua nguo huanza na mshono uliopigwa mwisho. Hapa ni vivyo hivyo.

Chukua mlinganyo huu:

3(x − 4)/5 + 2 = 11

Kabla ya kugusa chochote, isome safari ya x kwa mdomo: "Nimechukua x, nikatoa 4, nikazidisha kwa 3, nikagawanya kwa 5, nikajumlisha 2, nikapata 11." Usomaji huu ndio nusu ya kazi, na ndio hatua ambayo wanafunzi wengi huiruka. Sasa rudi nyuma:

Toa 2: 3(x − 4)/5 = 9
Zidisha kwa 5: 3(x − 4) = 45
Gawanya kwa 3: x − 4 = 15
Jumlisha 4: x = 19

Hakiki: 19 − 4 = 15; mara 3 ni 45; gawanya kwa 5 ni 9; jumlisha 2 ni 11. Hakukuwa na haja ya kufungua mabano kwa kuzidisha. Walimu wengi huanza kwa kufungua mabano, nami naona ni kujiongezea kazi pale ambapo herufi inatokea mara moja tu.

Namba zikigeuka herufi

Kanuni ni mlinganyo uleule, ila namba nyingi zimevaa herufi. Usiziogope. Chagua herufi unayoitaka, kisha zilizobaki zote zichukulie kama namba za kawaida.

R = MKW/100, ambapo R ni riba, M mtaji, K kiwango kwa mwaka, W muda kwa miaka.

Tunaitaka W. Imezidishwa kwa MK, ikagawanywa kwa 100. Zidisha pande zote kwa 100, kisha gawanya kwa MK:

W = 100R/(MK)

Mtu aliyekopa shilingi 400,000 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, akalipa riba ya shilingi 72,000, alikaa na mkopo kwa muda gani? 100 × 72,000 ni 7,200,000. Gawanya kwa 400,000 × 12, yaani 4,800,000. Jibu ni 1.5: mwaka mmoja na nusu.

Kanuni ya joto inaumbua zaidi, kwa sababu ina matendo mawili ya aina tofauti:

F = 9C/5 + 32, ambapo F ni nyuzi za Fahrenheit na C nyuzi za Selsiasi.

Safari ya C: zidisha kwa 9, gawanya kwa 5, jumlisha 32. Kurudi: F − 32 = 9C/5, kisha 5(F − 32) = 9C, kisha C = 5(F − 32)/9.

Tazama mabano yale. Ulipozidisha kwa 5 uliuzidisha upande mzima, F na 32 pamoja. Anayeandika C = (5F − 32)/9 ameizidisha F peke yake, na hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote katika mada hii. Linanaswa kwa urahisi. Maji ya usawa wa bahari huchemka kwenye nyuzi 212 za Fahrenheit, yaani 100 za Selsiasi. Kanuni sahihi inatoa 5 × 180/9 = 100. Ile yenye kosa inatoa 1,028/9, zaidi ya 114. Kila ukimaliza kugeuza kanuni, ijaribu kwa thamani unazozijua. Kama hujui thamani yoyote, weka namba ndogo zisizofanana, kama 2, 3 na 5, kwenye kanuni ya mwanzo, pata jibu, kisha uone kama kanuni yako mpya inakurudisha ulikotoka. Epuka kujaribu kwa 0 na 1, maana huficha makosa: kuzidisha kwa 1 na kugawanya kwa 1 havitofautiani.

Herufi ikiwa pande zote mbili

Hapa kurudi nyuma peke yake hakutoshi, kwa kuwa herufi ina safari mbili. Zikusanye kwanza.

Unataka kuchapisha kadi za harusi. Duka la kwanza linatoza 20,000 za kutengeneza muundo na 150 kwa kila kadi. La pili linatoza 8,000 za muundo na 250 kwa kadi. Gharama zinalingana kwa kadi ngapi?

20,000 + 150n = 8,000 + 250n

Toa 150n pande zote, toa 8,000 pande zote: 12,000 = 100n, yaani n = 120. Niliondoa 150n, iliyo ndogo, ili upande wa n ubaki chanya. Si lazima, lakini huepusha ajali za alama ya hasi.

Kwa herufi tupu: ax + b = cx + d. Weka zenye x upande mmoja na zisizo na x upande wa pili: ax − cx = d − b. Hapa wengi husimama, wakiona x mbili. Dawa ni kuitoa x nje ya mabano: x(a − c) = d − b. Sasa x imetokea mara moja tu, na imebaki kugawanya:

x = (d − b)/(a − c)

Sharti ni a isilingane na c. Zikilingana ungegawanya kwa sifuri, jambo lisilo na maana. Kwa lugha ya kadi: maduka mawili yenye bei moja kwa kadi na gharama tofauti za muundo hayatalingana hata ukichapisha kadi milioni.

Herufi ikiwa chini, kwenye asili

Bomba la kwanza peke yake hujaza tanki kwa saa a, la pili kwa saa b, na yote mawili kwa pamoja kwa saa t:

1/t = 1/a + 1/b

Tafuta b. Iache 1/b peke yake kwanza: 1/b = 1/t − 1/a. Unganisha sehemu za kulia kwa KDS (kigawe kidogo cha shirika), ambayo ni at: 1/b = (a − t)/(at). Sasa ndipo unapogeuza juu chini, pande zote mbili: b = at/(a − t).

Subira ndiyo inayohitajika. Ukigeuza mapema, kipande kwa kipande, utaandika b = t − a, na hapo bomba litakuwa na saa hasi. Sehemu inageuzwa juu chini ikiwa moja tu kila upande. Kwa namba: mabomba yote mawili saa 4, la kwanza peke yake saa 6. b = 6 × 4/2 = 12. Umbo hilihili linarudi kwenye lenzi na kwenye ukinzani wa umeme uliounganishwa sambamba, kwa hiyo ukilimudu hapa umelimudu na fizikia.

Sasa unganisha ugumu wote wa sehemu hizi mbili. Herufi iko juu na chini:

y = (2x + 1)/(x − 3)

Zidisha kwa asili yote: y(x − 3) = 2x + 1
Fungua mabano: xy − 3y = 2x + 1
Kusanya zenye x: xy − 2x = 3y + 1
Itoe x nje: x(y − 2) = 3y + 1
Gawanya: x = (3y + 1)/(y − 2)

Hapa mabano yalifunguliwa kwa sababu x ilikuwa imefungiwa ndani huku mwenzake yuko nje; hazingekutana bila kufungua. Jaribu x = 4: y = 9/1 = 9. Rudisha: 28/7 = 4.

Vipeo na vipeuo

Ujazo wa tanki la mche duara ni V = πr²h. Ili kuipata r, gawanya kwa πh, kisha chukua kipeuo cha pili cha upande mzima: r = √(V/(πh)). Tanki la lita 1,000, yaani mita 1 ya ujazo, lenye kimo cha mita 1.2, linahitaji nusukipenyo cha √(1/3.77), takriban mita 0.515. Kipenyo ni zaidi kidogo ya mita 1. Ukijua hilo kabla ya kumwita fundi ajenge kitako cha tanki, umeokoa saruji.

Nusukipenyo hakiwi hasi, ndiyo maana tulichukua kipeuo kimoja. Kwenye mlinganyo mtupu chukua vyote viwili. (x − 1)² = 49 inatoa x − 1 = 7 au x − 1 = −7, yaani x = 8 au x = −6. Kusahau la pili ni kupoteza nusu ya jibu.

Upande wa pili wa hatari ni kupandisha kipeo. √(x + 6) = x. Pandisha kipeo cha pili: x + 6 = x², yaani x² − x − 6 = 0, na majibu ni 3 na −2. Weka −2 mwanzoni: √4 ni 2, si −2. Jibu hilo limezaliwa na tendo letu wenyewe, kwa sababu 2 na −2 zikipandishwa kipeo hulingana. Kila ulipopandisha kipeo, kuhakiki ni sehemu ya kutatua.

Kutolingana

Alama za < na > zilionekana kwenye kitabu cha Mwingereza Thomas Harriot kilichochapwa 1631, miaka kumi baada ya kifo chake. Utaratibu wa kuiacha herufi peke yake ni uleule, ila kuna kanuni moja ya ziada inayobeba karibu makosa yote.

Anza na maneno ya swali, maana wengi hupotea kabla hata ya hesabu. "Angalau" na "isipungue" ni ≥. "Isizidi" ni ≤. "Zaidi ya" ni >, na "pungufu ya" ni <. Mtoto mwenye angalau miaka 7 anaweza kuwa na 7 kamili. Mwenye zaidi ya miaka 7 amepita 7.

Nyumba ina akiba ya lita 5,000 za maji na hutumia lita 350 kwa siku. Lazima zibaki angalau lita 800. Watakaa siku ngapi bila kununua maji?

5,000 − 350n ≥ 800
−350n ≥ −4,200
n ≤ 12

Alama imegeuka nilipogawanya kwa hasi. Sababu yake iko kwenye mstari wa namba: 2 iko kushoto kwa 5, lakini ukizizidisha kwa −1, −2 iko kulia kwa −5. Kuzidisha au kugawanya kwa hasi kunaupindua mstari mzima, wa mbele anakuwa wa nyuma. Kujumlisha na kutoa hakupindui chochote, kunausogeza tu.

Anayesahau kanuni hii anaweza kuikwepa. Jumlisha 350n pande zote, toa 800: 4,200 ≥ 350n, gawanya kwa 350 iliyo chanya: 12 ≥ n. Jibu ni lilelile. Kwa anayeanza, mimi ningempa njia hii kwanza.

Ukitafuta x kwenye ax > b, ambapo a ni herufi, huwezi kugawanya kabla ya kujua alama ya a. Jibu lina sura tatu: a ikiwa chanya, x > b/a, a ikiwa hasi, x < b/a, a ikiwa sifuri, x imetoweka na umebaki na 0 > b, ambayo ni kweli kwa kila x kama b ni hasi, na haina jibu kama b si hasi. Anayeandika x > b/a na kuishia hapo amejibu theluthi moja ya swali.

Tatizo hilohilo linajificha kwenye 6/x < 2. Ukizidisha kwa x harakaharaka utapata 6 < 2x, x > 3. Lakini jaribu x = −1: 6/(−1) = −6, nayo ni ndogo kuliko 2. Jibu halali limeachwa nje. Gawa kazi mara mbili. x ikiwa chanya, alama haigeuki na x > 3. x ikiwa hasi, alama inageuka na 6 > 2x, yaani x < 3, ambayo ni kweli kwa kila x hasi. Jibu kamili: x > 3 au x < 0.

Kutolingana kwa pande tatu, kama −3 ≤ 2x + 1 < 9, kunatendewa pande zote tatu kwa pamoja: toa 1, −4 ≤ 2x < 8, gawanya kwa 2, −2 ≤ x < 4. Na kwa x² < 25 usiandike x < 5 ukatulia. −10 ni ndogo kuliko 5 lakini kipeo chake cha pili ni 100. Jibu ni −5 < x < 5.

Kuhakiki hapa kunataka namba tatu: mpaka wenyewe, moja ya ndani na moja ya nje. Kwa maji: siku 12 zinabakiza lita 800 kamili; siku 10 zinabakiza 1,500, sawa; siku 13 zinabakiza 450, haifai.

Herufi isiyokubali

Ikiwa x iko kwenye x² na pia kwenye x, kuikusanya na kuitoa nje hakuiachi peke yake. ax² + bx + c = 0 inahitaji kukamilisha mraba, na matokeo yake ni kanuni maarufu x = (−b ± √(b² − 4ac))/(2a), a isiwe sifuri. Herufi ikikaa kwenye kipeo, kama n kwenye A = M(1 + k)ⁿ ya riba mfululizo (A ni mtaji pamoja na riba, k ni kiwango kwa desimali, n ni miaka), tendo linaloifuta ni logi: gawanya kwa M, chukua logi pande zote, n = log(A/M)/log(1 + k). Kwa asilimia 10 kwa mwaka, fedha hujirudia mara mbili baada ya 0.3010/0.0414, miaka 7 na robo hivi.

Ya kujaribu mwenyewe

1. Eneo la trapeza ni E = (a + b)k/2. Tafuta b.
2. s = ut + at²/2. Tafuta a.
3. T = 2π√(l/g). Tafuta l, kisha urefu wa timazi lenye T ya sekunde 2, g ikiwa 9.8.
4. 7 − 2x > 1.
5. y = (x + 5)/(x − 1). Tafuta x.

Majibu: (1) b = 2E/k − a. (2) a = 2(s − ut)/t². (3) l = gT²/(4π²), takriban mita 0.99. (4) x < 3. (5) x = (y + 5)/(y − 1). Ukiona la tano limefanana na swali lake, x na y zikiwa zimebadilishana nafasi tu, hujakosea. Weka x = 3 upate y = 4, kisha weka x = 4 uone y inakuwa 3.